Nimeokota pingili Lyme Regis, ni dinosaria?

Swali: Mtaalamu shikamoo. Mwezi uliopita nilikuwa Lyme Regis, Uingereza, nikaokota ufukweni kitu kama kete ya drafti, kizito, cheusi, kimebonyea katikati pande zote mbili. Jamaa zangu wanasema mfupa wa dinosaria. Ni kweli? Na plesiosauri na pliosauri, wale reptilia wa baharini wa kale, si tofauti ya shingo tu?

Jibu: Marahaba. Umeokota kitu kizuri ila dinosaria hapana, hiyo ni pingili ya uti wa mgongo wa iktiosauri, yule reptilia wa baharini aliyefanana na pomboo. Kwenye picha yako inaonekana vizuri, nyembamba halafu imebonyea sana, ukiikata katikati vile vibonyeo viwili vinakaribia kukutana. Ingekuwa ya plesiosauri ingekuwa nene zaidi, nyuso karibu bapa, na ukiigeuza upande wa tumbo mara nyingi unakuta vitundu viwili vidogo vilivyopitisha mishipa ya damu. Mimi huwa naanza na hivyo vitundu kabla ya kitu kingine chochote.

Dinosaria tunamjua kwa nyonga, pale paja linapoingia pametoboka mpaka upande wa pili, wakati iktiosauri na plesiosauri hawana hicho kitu. Halafu hata jina dinosaria lilikuja 1842, wakati Mary Anning, mtafuta visukuku maarufu, na kaka yake walishatoa iktiosauri hapohapo Lyme Regis 1811 na 1812. Mwaka 1823 Mary akatoa plesiosauri karibu mzima, shingo ina pingili zaidi ya 30 (twiga ana 7 tu!), Cuvier, bingwa wa anatomia kule Ufaransa, akahisi ni feki, ikabidi baadaye akubali.

Sasa shingo. Hapo ndo watu wengi wanajikwaa, maana pliosauri ni tawi ndani ya plesiosauri, na shingo fupi na kichwa kikubwa vilijitokeza zaidi ya mara moja. Polikotilidi, kundi la plesiosauri wa Kretasia (kipindi cha mwisho cha dinosaria), ukiwaona utaapa ni pliosauri, kumbe ndugu zao wa karibu ni wale wa shingo ndefu. Kwa hiyo tunapanga kwa fuvu, kaakaa, mabega, umbo la nje linadanganya.

Ila kwa pingili moja siwezi kukwambia ni iktiosauri wa jenasi gani, Ichthyosaurus au Temnodontosaurus. Pima upana na unene kwa rula, andika uliokota sehemu gani hasa, na tafadhali usiipake vanishi.