VAR imetuachia ubishi, shangwe imeondoka nayo

Swali lenu la wiki hii mmeuliza VAR, yaani wale marefa wa chumbani wanaoangalia marudio ya video, imeisaidia soka au imeiharibu. Mi nasema imetunyang'anya shangwe, af ubishi iliokuja kuumaliza imetuachia vilevile.

Naangaliaga mpira kibanda umiza huku Tandika. King'amuzi cha banda letu kinachelewa kidogo kuliko cha banda la mtaa wa pili, kwaiyo zamani tulikuwa tunasikia wenzetu wanalipuka "goooli" huku kwetu mpira bado uko katikati ya uwanja, inaudhi kweli ila angalau unajua linakuja unajiandaa kuruka. Siku hizi hata hao jirani hawaaminiki, wanapiga kelele, wananyamaza ghafla, af sisi ndo tunaanza kuliangalia goli ambalo tushasikia limekufa. Watu wazima wanainuka nusu, kama mtu aliyetaka kushuka daladala akaona kituo sio chake, wote macho kwa refa kama atashika sikio kuwasikiliza wa VAR.

Na kuotea ndo balaa zaidi. Wanachora mistari mpaka kwenye kidole cha kiatu utafikiri fundi anapima suruali. Kamera za kawaida za tivii zinapiga picha 50 kwa sekunde, mchezaji akikimbia mita 8 kwa sekunde ina maana kati ya picha moja na nyingine ashasogea sentimita 16, sasa wewe unamkatalia goli kwa sentimita 2 umejuaje mpira ulitoka mguuni picha ipi? Anayechagua picha mara nyingi ni mtu, binadamu yuleyule tuliyekuwa tunamlalamikia zamani, ila sasa kajificha chumbani humuoni hata ukamzomea.

Mi binafsi mkeka wangu wa kubeti ulichanika tarehe 30 Septemba 2023, Tottenham na Liverpool. Nimeweka Liverpool anashinda. Luis Díaz wa Liverpool kafunga goli ikiwa bado 0-0, mshika kibendera kanyoosha kwamba kaotea, VAR wakaangalia wakaona hajaotea, safi, kumbe aliyekuwa chumbani alidhani refa kashalikubali goli! Akasema tumemaliza kuangalia, mpira ukaendelea. Walivyoshtuka mechi ishaanza tena na sheria hairuhusu kurudi nyuma. Tottenham wakashinda 2-1, baadae mabosi wa marefa wakakiri lilikuwa kosa la kibinadamu. Mashine yote ile, picha zote zile, af mtu kajichanganya tu kama kondakta aliyesahau chenji. Mwaka uliofuata klabu ya Wolves wakapeleka hoja VAR iondolewe England, kura zikawa 19 kwa 1, huyo mmoja ni wao wenyewe.

Najua wapo watakaosema bila VAR tutadhulumiwa zaidi. Sawa, penati za kujiangusha zimepungua, hilo nawapa. Ila waulizeni Wananchi, yaani Yanga.

Mi ni Mnyama damu, shabiki wa Simba, niseme mapema msije kunifuata Msimbazi. Aprili 2024, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Yanga wako Pretoria kwa Mamelodi Sundowns, mechi ya kwanza Kwa Mkapa, Dar, iliisha bila bila. Aziz Ki wa Yanga kaachia shuti, likagonga mtambaa panya likadondoka chini, banda zima waliona limevuka mstari, hata sisi tuliokuwa tunawaombea mabaya. VAR ipo. Goli likakataliwa, na refa hata kwenda kwenye ile tivii ya pembeni hakwenda. Ikaisha bila bila tena, Sundowns wakapita kwa penati 3-2. Teknolojia ya kuangalia mpira umevuka mstari ni kitu kingine kabisa, na haikuwepo, kwaiyo VAR ikabaki kubahatisha kwa kamera za pembeni kama sisi tu wa kwenye mabenchi.

Tuliwacheka wiki nzima, utani wa jadi lazima. Ila kuna jamaa yangu wa Yanga, fundi baiskeli, ile picha ya mpira ukiwa chini alii-pause akaipiga kwa simu, akauchora mstari mwekundu mwenyewe, na ukimtajia VAR mpaka leo hajibu kitu, anakutolea simu tu uangalie.