Maswali ya Wasomaji: Kichochoro cha Roma katika Rangi za Maji

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha uchoraji katika shule moja ya sekondari. Kwenye kitabu cha zamani nimekuta picha ya rangi za maji ya Ettore Roesler Franz, inayoonyesha kichochoro cha Roma cha karne ya 19, kuta zimebabuka na nguo zimeanikwa madirishani. Wanafunzi wanauliza: je, kichochoro hicho kingalipo? Na picha ya mkono inaaminika kama ushahidi?
Mwalimu, Nyegezi, Mwanza

JIBU: Mwalimu, sehemu nyingi alizozichora Roesler Franz hazipo tena, naye alizichora akijua kwamba zinaelekea kubomolewa. Desemba 1870, miezi mitatu baada ya Roma kutwaliwa na Ufalme wa Italia, mto Tiber ulifurika hadi mita 17.22 kwenye kipimo cha kina cha maji cha Ripetta, bandari ya zamani ya mto huo mjini Roma; kuanzia 1876 zikajengwa kuta ndefu kandokando ya mto, na nyumba za ukingoni zikavunjwa. (Sisi tulioliona Ziwa Victoria likipanda mwaka 2020 hatuhitaji kuelezwa sababu.) Mtaa wa Wayahudi nao ulianza kubomolewa 1888. Ndipo mchoraji huyo, mzaliwa wa Roma wa 1845, akaacha picha 120 zinazojulikana kama Roma Iliyotoweka.

Kuhusu ushahidi, mimi ningeamini kuta na kushuku utulivu. Rangi za maji hazifutiki kwa urahisi, na weupe wa ukuta mara nyingi ni karatasi yenyewe iliyoachwa wazi, kwa hiyo mchoraji makini hupanga kila dirisha kwa penseli kabla ya kulowesha brashi. Zaidi ya hayo, Roesler Franz alitumia pia picha za kamera. Lakini unyevu, msongamano na harufu ya vichochoro vile havionekani katika mwanga wake mpole. Wanafunzi wasihukumu rangi zenyewe kwa kutazama kitabu, kwa kuwa uchapaji huzibadili, na baadhi ya rangi za maji hupauka zikikaa kwenye mwanga.

Zoezi la karibu lipo. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025, magari hayasubiri tena pantoni pale Kigongo. Wapeleke wanafunzi wakachore gati na vibanda vilivyobaki, kila mmoja aandike tarehe na mahali alipokaa nyuma ya karatasi.