Maswali yenu: Kulala Masoko, kuvuka Kilwa Kisiwani

Likizo ikikaribia, barua za magofu ya Kilwa huongezeka. Tumechagua tano.

Nimeona kwenye simu gesti imeandikwa "Kilwa", bei inatufaa, sisi ni watu watano. Je, hiyo iko kisiwani karibu na magofu? — Mama wa watatu, Morogoro

Mama, kabla ya kutuma pesa uliza ni Kilwa ipi, maana ziko tatu. Kilwa Kisiwani ndiyo yenye magofu. Kilwa Masoko ni makao makuu ya wilaya, iko bara ikitazamana na kisiwa, na ndiko mnakotakiwa kulala, kwa sababu gati la kuvukia liko hapo na kisiwa kiko kama kilomita mbili tu mbele yake. Kilwa Kivinje ni mji mwingine kaskazini, wenye nyumba za enzi za Wajerumani. Ni pazuri kutembea, lakini ukilala huko utakodi gari alfajiri kuifuata boti.

Pandeni basi linalofika Masoko kabisa. Mabasi ya Lindi na Mtwara hayaingii huko, yatawashusha njia panda ya Nangurukuru, na hapo hubaki kama kilomita 30 za kutafuta gari dogo. Usiku, na watoto na mabegi, njia panda hiyo si mahali pa kubahatisha. Miezi ya masika ulizeni pia hali ya barabara. Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya viliikata eneo la Somanga, na wasafiri wa kusini wakakwama.

Tulifika Ijumaa jioni. Jumamosi tukahangaika na kibali hadi jua likawa kali, gesti nayo ikataka chumba saa nne asubuhi. Msikiti Mkuu tuliutazama nusu saa, jumba la Husuni Kubwa hatukuliona kabisa. Tulikosea wapi? — Mwalimu, Songea

Mwalimu, mlikosea saa ya kufika. Kisiwani hakuendwi bila kibali na kiongozi, na kibali hutolewa bara, hapo hapo Masoko. Magofu haya yako chini ya TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, na saa za kazi za serikali ni 1:30 asubuhi hadi 9:30 alasiri. Anayefika jioni amekwisha kuipoteza asubuhi ya kesho yake. Dar hadi Masoko ni zaidi ya kilomita 300, saa tano mpaka sita kwa basi. Ukiondoka saa 12 alfajiri unafika mchana, unaweka mzigo gesti, unakwenda ofisini siku hiyo hiyo. Beba kitambulisho cha taifa, kwani kiingilio cha raia ni nafuu kuliko cha mgeni. Malipo ya serikali ni kwa namba ya kumbukumbu (control number), kwa hiyo weka salio kwenye simu mapema, usitegemee noti mfukoni.

Ukitoka ofisini, shuka gatini uzungumze na nahodha wa kesho. Yako majahazi na mashua za wanakijiji, nauli ndogo, ila huondoka zikijaa na kurudi zikijaa. Kwa familia au kundi, kodi boti ya injini. Mkubaliane mambo matatu kabla hamjaachana: bei ni ya chombo kizima au ya kichwa, ni kwenda tu au na kurudi, na atawasubiri saa ngapi. Jaketi okozi uzione kwa macho, moja kwa kila mtu, na la mtoto liwe la mtoto.

Vukeni saa moja asubuhi. Hata kama gesti yenu hutoa chai, saa hiyo mpishi ndiyo kwanza anakoleza mkaa. Nunueni chapati na mayai ya kuchemsha usiku wake, na maji lita mbili kwa kila mtu.

Mkishuka, msianze na Gereza ingawa liko mbele yenu. Lile ni ngome iliyoanzishwa na Wareno mwaka 1505 na kujengwa upya zama za Waomani, nalo liko karibu na pwani, halikimbii. Nendeni kwanza Husuni Kubwa, nusu saa hivi kwa miguu kuelekea mashariki, maana njia yake ina jua na mawe ya matumbawe hurudisha joto usoni. Ni jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, la mwanzoni mwa karne ya 14, lenye vyumba zaidi ya mia moja na birika la pembe nane linalotazama bahari. Ukisoma kwamba Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, huyo ndiye mfalme aliyemkuta. Rudini kwenye Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya kaskazini ni ya karne ya 11 na upande wa makuba ni upanuzi wa baadaye, kisha jumba la Makutani, na Gereza mwisho mkisubiri boti. Yote huchukua saa nne hadi tano bila kukimbizana.

Hapo ndipo suala la chumba linapoingia. Gesti nyingi hudai ufunguo saa nne asubuhi, nanyi mtarudi saa sita au saa saba. Ama mlipie usiku wa pili, ama mfungashe usiku, mwache mizigo mapokezi na kuomba bafu la kuogea mkirudi. Wengi hukubali wakiambiwa siku moja kabla. Wakiambiwa asubuhi, wakati chumba ameshapewa mgeni mwingine, hugeuka ugomvi.

Nikague nini chumbani kabla sijalipa? — Kijana wa Tandika

Anza na maji. Fungua bomba, usikubali kuambiwa "yapo". Uliza kama kuna tenki juu, na kama hakuna, ndoo na kopo vijazwe mbele yako. Maji ya visima vya pwani mara nyingi yana chumvi. Yanafaa kuogea, ya kunywa nunua.

Kisha chandarua. Kitandaze chote, uwashe tochi ya simu kwa ndani na kutafuta matundu. Kiwe kirefu kiasi cha kuchomekwa chini ya godoro pande zote nne. Chandarua cha duara juu ya kitanda cha futi sita kwa sita huishia kugusa mkono wako, na mbu huuma kupitia kitambaa. Malaria ipo ukanda huu, usifanye mzaha.

Feni iwashe uisikie. Umeme ukikatika feni ni pambo, hivyo chumba chenye madirisha pande mbili kina thamani kuliko chenye runinga, hasa Desemba hadi Machi. Kitabu cha wageni andika tu. Baadhi ya gesti bado zina safu ya kabila, usishangae.

Na Songo Mnara tunaweza kuunganisha siku hiyo hiyo? — Wapenda safari, Mombasa

Msiunganishe. Songo Mnara ni kisiwa kingine chenye magofu, kiko kusini zaidi, ni safari ya bahari ya kweli, na kushuka kwake kunategemea maji. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu na siku mbili tatu zinazofuata, maji hupwa kabisa kama saa nne au saa tano asubuhi. Boti hukaa mbali, nanyi mtatembea kwenye tope na mikoko na magoti yakiwa majini. Kila siku kupwa huchelewa kwa takriban dakika 50. Kwa hiyo siku ya tano hadi ya nane baada ya mwandamo au mwezi mpevu, maji hujaa asubuhi na chombo huingia karibu. Vaeni kandambili zenye mkanda wa nyuma. Miezi ya kusi, Juni hadi Septemba, upepo huzidi alasiri, basi muwe mmesharudi kabla yake.

Kisiwani nako bamvua huwakuta watu wakirudi: mnashuka vizuri saa moja, saa tano mnakuta boti imekaa mchangani.

Mwanangu aliokota kigae chenye rangi ya kijani karibu na msikiti. Tunaruhusiwa kukichukua? — Baba wa Mkuranga

Hapana. Vitu vya kale vinalindwa na sheria ya mwaka 1964, hata kipande kidogo kama ukucha. Na kigae kikihama mahali pake, mtaalamu hawezi tena kujua kilikuwa tabaka gani, pamoja na nini. Amwoneshe kiongozi alipokiokota, kirudi pale pale. Picha apige atakavyo.