Konsoli Mpya Mbele ya Wakongwe: Maswali Yenu na Majibu

Wasomaji kadhaa wameniuliza, kila mmoja kwa namna yake, kama kampuni ambayo haijawahi kutengeneza konsoli ya michezo ya video inaweza kuingia sokoni leo na kushindana na Sony, Nintendo na Microsoft. Nimeyajibu maswali hayo hapa moja baada ya jingine.

Swali: Soko limekwisha kugawanywa na wakubwa watatu. Je, wa nne bado ana nafasi?

Anayo, ingawa ni finyu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ungeuliza swali hilihili kuhusu Nintendo na Sega, ungejibiwa kwamba hakuna wa tatu atakayefua dafu mbele yao. Hata hivyo, tarehe 3 Desemba 1994 Sony ilianza kuuza PlayStation nchini Japani, na mauzo ya mashine hiyo ya kwanza yakaja kupita milioni 102. Novemba 2001 ikaingia Microsoft na Xbox, na tangu hapo hakuna mgeni mwingine aliyeketi sebuleni kwa kudumu kama mpinzani wao wa ana kwa ana.

Waliojaribu si wachache, na majina yao yanastahili kutazamwa kwa makini: Philips na CD-i, Apple na Bandai kwa Pippin, Nokia na N-Gage, Google na Stadia. Hizo zilikuwa kampuni zenye fedha, wahandisi na jina linalofahamika dunia nzima, lakini hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo walivyovileta kilichoota mizizi. Ninavyoona mimi, Sony na Microsoft zilifaulu kwa sababu zilihangaika kwanza kuwapata watengenezaji wa michezo, kisha ndipo zikamgeukia mnunuzi. Hilo nitalirudia katika karibu kila jibu, maana naamini ndilo kiini cha suala zima.

Swali: Mgeni akija na chipu yenye nguvu kuliko za wakongwe, wachezaji hawatamfuata?

Hawatamfuata kwa sababu hiyo peke yake. PlayStation 2 ilizidiwa uwezo wa picha na Xbox na GameCube ya Nintendo, lakini iliziacha zote mbili mbali sana kwa mauzo. Wii ya Nintendo ya mwaka 2006 ilikuwa dhaifu kuliko PlayStation 3 na Xbox 360, ikauza zaidi ya milioni 101. Kwa upande mwingine, Atari ilizindua Jaguar mwaka 1993 ikijivunia biti 64 wakati wapinzani walikuwa na 16, na kufikia 1996 mashine hiyo ilikuwa imezikwa kwa njaa ya michezo. Isitoshe, tangu 2013 PlayStation na Xbox zote hutumia chipu zilizobuniwa na AMD, kampuni ambayo mgeni mwenye fedha naye anaweza kuiendea, hivyo nguvu ya mashine si siri ya mtu tena.

Swali: Nasikia wakongwe huuza konsoli kwa hasara. Inawezekanaje, na mgeni atafanya nini?

Si wote wala si wakati wote, lakini jambo hilo ni la kweli. Mwaka 2021, katika kesi ya Epic Games dhidi ya Apple nchini Marekani, afisa wa Microsoft alieleza mahakamani kwamba kampuni yake haijawahi kupata faida kutokana na kuuza mashine ya Xbox yenyewe. Faida hutoka kwenye michezo: kila mchezo unaouzwa katika duka la konsoli humletea mwenye mfumo sehemu ya bei, kwa kawaida asilimia 30, na juu yake kuna usajili wa kila mwezi na vifaa vya ziada. Mashine ni mlango tu ambao mwenye nyumba yuko tayari kuugharamia ili wageni waingie.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa konsoli ya 3DO, kwa kuwa ulibuniwa na mtu aliyeijua biashara hii vizuri. Trip Hawkins, mwanzilishi wa kampuni ya michezo ya Electronic Arts, alitaka kuwaondolea watengenezaji wa michezo mzigo wa ada kubwa, kwa hiyo akawatoza takribani dola 3 tu kwa kila nakala. Kampuni yake haikutengeneza mashine. Iliuza leseni kwa viwanda kama Panasonic. Kwa watengenezaji wa michezo huo ulikuwa mwaliko mtamu, lakini Panasonic haikuwa na fungu la kutosha katika mauzo ya michezo, ikalazimika kutafuta faida yake kwenye mashine. Matokeo yake, 3DO iliingia sokoni nchini Marekani mwaka 1993 kwa dola 699, bei iliyowafukuza wanunuzi kabla hawajasikia habari za michezo. Kuwapenda watengenezaji kulikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kukiachia kiwanda gharama ambayo mwenye mfumo alipaswa kuibeba.

Mgeni anahitaji mfuko wa kuvumilia hasara ya kizazi kizima cha mashine, pengine miaka mitano au sita. Xbox ya kwanza iliuza mashine milioni 24 hivi na kuigharimu Microsoft mabilioni ya dola. Iliyofuata, Xbox 360, ilikumbwa na kasoro ya kuharibika kwa wingi, na mwaka 2007 kampuni ikatenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa ajili ya kuzitengeneza na kurefusha dhamana. Kampuni ngapi zingepigwa na mawimbi mawili ya namna hiyo na bado zikabaki baharini?

Swali: Sony haikuwa na historia ya konsoli. Ilifanyaje hasa?

Nimefurahi kuulizwa, kwa sababu simulizi linalojulikana huishia kwenye ugomvi tu. Ni kweli kwamba Sony na Nintendo zilikuwa zikishirikiana kuunda mashine ya Super Nintendo yenye kusoma diski, na kwamba mwaka 1991, siku moja baada ya Sony kuutangaza mpango huo hadharani, Nintendo ilitangaza kwamba itafanya kazi na Philips. Lakini aibu hiyo isingetosha kujenga biashara. Kilichoijenga ni kwamba Sony iliyatazama malalamiko ya watengenezaji wa michezo, ikayajibu karibu yote kwa mkupuo mmoja.

Katika enzi ya NES, konsoli yake ya miaka ya 1980, Nintendo ilikuwa imewabana kwa masharti makali nchini Marekani: kampuni iliruhusiwa kutoa michezo mitano tu kwa mwaka, haikuruhusiwa kuupeleka mchezo huohuo kwenye mashine nyingine kwa miaka miwili, na kaseti zote zilitengenezwa na Nintendo yenyewe na kulipiwa mapema. Hata masharti hayo yalipolegea, kaseti ziliendelea kuwa ghali na za kuagizwa muda mrefu kabla ya mauzo. Aliyeagiza chache alikosa bidhaa wakati wateja wanapiga foleni, naye aliyeagiza nyingi alibaki na maghala yaliyojaa. Diski ya CD iligharimu sehemu ndogo ya bei ya kaseti na nakala zaidi zingeweza kuchapwa kwa muda mfupi, kwa hiyo mtengenezaji mdogo aliweza kujaribu wazo jipya bila kuhatarisha uhai wa kampuni yake.

Ndiyo maana Namco ilikuwa na Ridge Racer tayari siku ileile PlayStation ilipozinduliwa. Ndiyo maana pia Square, iliyokuwa mshirika wa Nintendo tangu miaka ya 1980, iliutoa Final Fantasy VII mwaka 1997 kwa PlayStation, katika diski tatu, wakati Nintendo 64 ilikuwa bado inatumia kaseti zenye nafasi ndogo. Bei nayo ilisaidia: katika maonyesho ya michezo ya video ya E3 ya mwaka 1995, Sega ilikuwa imetangaza kuuza Saturn kwa dola 399, na mwakilishi wa Sony alipopanda jukwaani akatamka neno moja, 299, kisha akashuka.

Angalia hapo kwamba wakongwe nao walichangia. Nintendo iling'ang'ania kaseti, na Sega ikaiingiza Saturn katika maduka machache ya Marekani miezi minne kabla ya siku iliyokuwa imeahidiwa, jambo lililowakasirisha wafanyabiashara walioachwa nje na watengenezaji ambao michezo yao haikuwa tayari. Mgeni hawezi kupanga makosa ya wapinzani wake, lakini lazima awe amejiandaa siku yanapotokea.

Swali: Kampuni ndogo inaweza kuchangiwa fedha na wachezaji wenyewe ikafaulu?

Ouya ilijaribu. Mwaka 2012 ilichangiwa zaidi ya dola milioni 8.5 na watu zaidi ya 63,000 kupitia Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha, ikaahidi konsoli ya dola 99 inayotumia mfumo wa Android, iliyo wazi kwa kila mtengenezaji. Mashine ilianza kuuzwa madukani Juni 2013, na mwaka 2015 sehemu kubwa ya biashara yake ikanunuliwa na Razer, kampuni ya vifaa vya michezo. Fedha zilizoonekana nyingi kwenye ukurasa wa michango zilikuwa kidogo mno kwa kazi yenyewe, na michezo mingi iliyokuwamo ilikuwa inapatikana tayari kwenye simu za watu. Nawaheshimu waliochanga, maana walitaka soko lililo huru zaidi, na dai lao lilikuwa la haki.

Swali: Je, kuna yeyote wa karibuni aliyepata njia nyingine?

Wapo wawili wanaofaa kulinganishwa, mmoja aliyeshindwa na mmoja aliyefaulu.

Google ilifungua Stadia Novemba 2019, ikiwa na wazo kwamba mchezo uendeshwe kwenye kompyuta zake za mbali na mchezaji aupokee kupitia intaneti, bila kununua mashine ghali. Teknolojia ilifanya kazi vizuri kuliko wengi walivyotarajia. Lakini mchezaji alitakiwa kununua upya michezo aliyokwisha kuilipia kwingine, na Februari 2021 Google ikavunja studio zake za michezo kabla hazijazaa matunda. Watengenezaji wa nje walipoona mwenye nyumba anafunga jiko lake, wangeaminije kwamba atawalisha wao? Huduma ilifungwa Januari 2023.

Valve, kampuni yenye duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta liitwalo Steam, ilipita njia ya kinyume, na tena baada ya kuanguka. Mwaka 2015 ilishirikiana na viwanda kadhaa kuuza Steam Machines, kompyuta za sebuleni zilizotumia Linux, lakini michezo mingi mikubwa haikuweza kuendeshwa kwenye mfumo huo, na mpango ukafifia. Badala ya kuwaomba watengenezaji waandike michezo yao upya, Valve ilijenga programu iitwayo Proton, iliyotolewa 2018, inayowezesha michezo ya Windows kuendeshwa kwenye Linux. Steam Deck, mashine yake ya mkononi, ilipotoka Februari 2022, kwa bei ya kuanzia dola 399, mnunuzi aliikuta ina maelfu ya michezo, mingi ikiwa ni ile aliyokwisha kuinunua miaka iliyopita. Kwangu mimi hilo ndilo jibu bora lililotolewa na mgeni katika miaka ya karibuni, ingawa ni lazima niseme kwamba Valve ilikuwa na duka lake tangu 2003, na duka la namna hiyo halijengwi kwa mwaka mmoja.

Swali: Ninatengeneza michezo na wenzangu wawili. Tuupeleke mchezo wetu kwenye konsoli mpya?

Jambo la kwanza la kuuliza ni kama injini mnayotumia, yaani programu ya kujengea michezo, iwe Unity, Unreal au nyingine, inaikubali konsoli hiyo moja kwa moja. Ikiwa inaikubali, gharama ya kuhamisha mchezo ni wiki kadhaa za marekebisho na majaribio, na faida yake ni duka lisilo na msongamano, ambamo mchezo wa watu watatu unaweza kuonekana. Ikiwa haiikubali na mtalazimika kuandika sehemu kubwa upya, msianze mpaka mwenye konsoli agharamie kazi hiyo kwa mkataba wa maandishi. Na akitaka mchezo uwe wake peke yake, dai malipo ya uhakika yasiyotegemea mauzo, kwa sababu wakati huo mnakuwa mmekubali kubeba hatari ya biashara yake.

Swali: Mimi ni mnunuzi wa kawaida. Ninunue siku ya kwanza au nisubiri?

Soma orodha ya michezo inayochezeka siku hiyohiyo, na uifunike kwa mkono orodha ya ile iliyotangazwa kuja baadaye. Kisha uliza kama michezo utakayoinunua itaendelea kufanya kazi duka la mtandaoni likifungwa. Google iliwarejeshea wateja wa Stadia fedha za michezo na vifaa walivyonunua kwake, lakini hiyo ilikuwa hiari ya kampuni tajiri. Duka la Ouya lilipozimwa Juni 2019, michezo iliyohitaji kuthibitishwa na duka hilo iliacha kufunguka. Ukiona michezo mitatu iliyopo leo inakutosha kwa bei hiyo, hata kama wa nne hautakuja kamwe, nunua. Kama huipati mitatu hiyo, subiri mwaka mmoja, kisha usome orodha upya.