Kisukari cha ukoo: je, nimekirithi?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mama yangu ana kisukari, na mjomba alikatwa mguu kwa ugonjwa huohuo. Mimi nina miaka 34, mwembamba, nafundisha shule ya msingi. Asubuhi kabla ya kula sukari yangu ilikuwa 5.3. Juzi nikajipima kwa mashine ya mama saa mbili baada ya pilau, ikasoma 9.4. Ndugu wanasema sina mwili wa kisukari. Je, nimerithi? Nikapime vinasaba?
Mwalimu, Muheza

JIBU: Marahaba mwanangu. Hao ndugu usiwasikilize. Wembamba si kinga.

Insulini hutoka kwenye kongosho na kazi yake ni kuifanya misuli ivute sukari kutoka kwenye damu. Misuli ikiwa sugu, sukari hubaki damuni. Kitambi huleta usugu huo, na urithi nao huuleta. Mfano ulio wazi kuliko yote ninaoujua unatoka Greenland, kisiwa cha barafu huko kaskazini. Mwaka 2014 watafiti walitangaza kwamba Wainuiti wengi, wenyeji wa huko, wana hitilafu kwenye jeni iitwayo TBC1D4. Aliyeirithi kwa baba na kwa mama pia, hatari yake ya kupata kisukari cha aina ya pili hupanda kama mara 10. Insulini inabisha hodi kwenye msuli, lakini milango ya sukari haifunguki sawasawa. Tena sukari yao ya asubuhi huweza kuwa ya kawaida kabisa, hupanda wakishakula.

Sisemi una jeni ya Greenland. Kwa wengi wetu ni tofauti ndogondogo, mamia kwa mamia, kila moja ikiongeza hatari kidogo. Nyingine wala hazianzii kwenye misuli: hitilafu ya jeni iitwayo TCF7L2, iliyotambuliwa mwaka 2006, hudhoofisha kongosho lenyewe. Kwa hiyo hela ya kupima vinasaba kaa nayo. Mama na mjomba wameshakupa jibu bure.

Linalonipa moyo ni kwamba msuli ukifanya kazi hufungua milango ile wenyewe, bila kungoja insulini. Huko Marekani, utafiti wa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa ukingoni mwa kisukari, uliochapishwa 2002, ulionyesha kuwa mazoezi ya dakika 150 kwa wiki pamoja na kupunguza uzito yalishusha hatari kwa asilimia 58. Hata waliorithi hitilafu ya TCF7L2 kwa wazazi wote wawili walifaidika. Wewe huna uzito wa kupunguza, basi usijikondeshe. Tembea baada ya mlo, punguza wali, ongeza maharage na mchicha.

Ile 9.4 usiipuuze, ingawa mashine ya nyumbani haitoshi kuthibitisha. Nenda hospitali bila kula tangu usiku, uombe kipimo cha kunywa glukosi gramu 75, upimwe tena zikipita saa mbili tangu uinywe. Chini ya 7.8 ni kawaida; 7.8 hadi 11.0 uko ukingoni, 11.1 na kuendelea, daktari atarudia kipimo kabla ya kukuambia una kisukari. Nenda na ndugu zako wa tumbo moja. Na ukishika mimba, mweleze mkunga habari za mama na mjomba siku ya kwanza ya kliniki.