Ukifika chuo cha watu usione aibu kusema hujui

Wadogo zangu mnaoenda kusoma Marekani mwaka huu, sijui wangapi mnamjua Ezekiel Ansah. Ni Mghana wa Accra, alicheza ile futiboli yao ya helmeti kule NFL, ligi yao kubwa ya kulipwa, na timu ya Detroit Lions, ila mimi hayo ya NFL siyafuatilii sana, kinachonigusa ni miaka yake ya chuo.

Alifika chuo cha Brigham Young, pale Provo, Utah, mwaka 2008 na ndoto ya basketi. Akajaribu timu ya chuo akakatwa, akarudi tena, akakatwa tena. Akahamia riadha, sasa mtu wa karibu mita 2 anakimbia mita 200 chini ya sekunde 22, watu wakaona huyu mwili wake ni wa futiboli, 2010 akaenda kujaribu, bila skolashipu, mchezo wenyewe hajawahi kuucheza hata siku moja, zile pedi za kukinga mwili hajui hata zinavaliwaje mpaka aonyeshwe. Hebu fikiria una miaka 21, umezungukwa na vijana waliocheza toka wadogo, alafu wewe unafundishwa kuvaa.

Mimi hilo la kukubali kufundishwa nililishindwa. Muhula wangu wa kwanza huku kazi zote za darasa zilikua zinatumwa kwa kompyuta, na shuleni kwetu kompyuta ilikua moja, ofisini kwa mkuu. Nikakaa kimya wiki 5. Nikapata sifuri mbili na kazi nilikua nimezifanya jamani, ziko kwenye daftari! Siku nilipomwambia dada wa maktaba alinionyesha dakika kumi tu, nikatoka pale nalia.

Kwaiyo wiki ya kwanza ile ile nenda kwa profesa, wana masaa yao ya kuonana na wanafunzi, yameandikwa kwenye karatasi ya kozi, mwambie mwalimu hiki sijawahi kukitumia, naomba nionyeshe. Hakuna atakayekushangaa, huku watu wanauliza vitu vidogo kuliko hivyo.

Na usitegemee matokeo ya haraka. Ansah misimu miwili ya mwanzo hakuchezeshwa sana, na darasani alikua anasoma takwimu, upande ule wa hesabu za bima, sio kozi ya kupitia tu. 2012 ndo akaaminiwa kwenye safu ya mbele ya difensi, wale wanaomkimbilia kwotabeki, yule mrusha mpira wa timu pinzani, akamaliza na saki 4.5, yaani kumwangusha kwotabeki kabla hajarusha mpira, ambazo wala sio nyingi, lakini Aprili 2013 Lions wakamchagua wa 5 kwenye drafti nzima, pale timu za NFL zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu. Naamini walichokiona ni jinsi alivyojifunza haraka kwa ile miaka mitatu.

Kama unaondoka Agosti na hiyo mifumo ya kutuma kazi hujawahi kuigusa, niandikie sasa hivi kabla ya safari, ntakuelekeza hatua kwa hatua.