Ifungue kompyuta kwanza kabla ya kununua nyingine
Ndugu, umesema kompyuta yako ya 2016 yenye kadi ya picha ya GTX 1060 huanza vizuri, ila baada ya dakika 20 gemu linakwama na feni zinavuma. Hilo mara nyingi ni joto. Yangu ilikuwa hivyohivyo; nilipoifungua nilikuta vumbi limeganda kwenye kipoza joto kama blanketi. Chomoa umeme, puliza vumbi huku umezishika feni zisizunguke, kisha badilisha pesti ya prosesa, ile inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa hadi kwenye kipoza. Kama bado una diski ya kuzunguka, weka SSD, diski isiyozunguka na yenye kasi zaidi. RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) nayo ifike GB 16, vipande viwili. Ndani ya gemu shusha vivuli kwanza, kisha washa FSR kama ipo (huchora gemu kwa ukubwa mdogo kisha kulikuza, ili liende kwa wepesi). Pawa saplai, kile kisanduku kinachoipa kompyuta umeme, usiifungue kamwe: kapasita zake (vipande vinavyohifadhi umeme) hubaki na umeme hata ukiichomoa. Ikitoa harufu ya kuungua, izime umpelekee fundi.